Gayle Torkelson na hema la kumrudisha Duane ziwani

Kumepambazuka kidogo tu, na Gayle Torkelson amepiga magoti juu ya barafu ya ziwa lililoganda, anarundika theluji kwenye pindo za hema alilowakodishia wageni wawili kutoka mjini.

"Kigingi cha kwanza upande wa upepo," anawaambia. "Mkianzia kwingine, hema mtalifuata Kanada. Na tundu la hewa msilizibe hata mkitetemeka. Hita ya gesi inaua kimyakimya."

Hiyo ndiyo kazi yake hapa Baudette, mpakani mwa Marekani na Kanada: kukodisha mahema ya kuvulia samaki kupitia matundu ya barafu. Lakini msimu huu amenunua moja asilompa mteja yeyote. Ni la mumewe, Duane, aliyepooza upande wa kushoto majira ya baridi ya mwaka juzi na hajaingia ziwani tangu hapo.

Wenzake walimshauri achukue lile linalofunguka kama mwavuli. Ni jepesi, pana, watu wanne wanakaa. Gayle akatazama mlango tu. Una kizingiti cha turubai kinachofika magotini.

"Duane hawezi kuinua mguu hivyo. Angeanguka mbele za watu, basi, ziwa angelisahau."

Akachagua la mtindo wa zamani, lililofungwa kwenye sleji, kigari cha kuteleza thelujini, yenye kiti. Mtu anakaa, anavuta hema kutoka mgongoni na kujifunika.

Kumshawishi mwenyewe ndiyo ilikuwa shughuli.

"Siburutwi kama gunia la viazi mimi," Duane alisema. "Majirani watanionaje?"

"Gunia halina kelele hivyo," Gayle akamjibu.

Jumamosi mchana amekubali. Gayle anamvuta taratibu kwa pikipiki ya theluji mpaka kwenye matundu aliyokwisha kuyatoboa. Duane anashika fremu kwa mkono wake mzima. Hema linainuka nusu, upepo unalirudisha. Anavuta tena, linarudi tena. Mimi, mwandishi niliyewafuata, nasogea nimsaidie, Gayle ananikazia macho. Inaniuma kutazama, na naona inamuuma yeye zaidi.

"Wewe mama!" Duane anafoka. "Miaka yote unakodisha mahema, leo umenielekeza uso kwenye upepo?"

Gayle anainamisha kichwa. Majirani wana mahema yao ng'ambo ile, na alitaka wamwone Duane mgongo tu.

"Nilidhani hutaki wakuone, mzee wangu."

"Nataka kuvua. Nigeuze!"

Anamgeuza. Duane anavuta mara moja, upepo unalibeba hema kutoka nyuma na kumfunika mpaka miguuni. Kwa mbali mtu anapiga mluzi wa kumpongeza. Gayle anabaki nje kitambo, anajifuta macho kwa glavu.

Namuuliza anapanga nini sasa.

"Mpaka barafu ivunjike, kila Jumamosi yumo humu," anasema. "Mwaka kesho namtaka aje bila mimi. Nikae nyumbani ninung'unike kwamba chakula kinapoa na yeye harudi, kama zamani."