Intafesi Kumi na Moja Nilizozifuta

Nilifuta intafesi kumi na moja asubuhi moja, nikajiona fundi kweli kweli. Ninatunza maktaba ya mambo ya mtandao katika Java, lugha ya kuandikia programu, msimbo ambao waandishi wa programu huutumia ili kompyuta zizungumze. Intafesi ni orodha ya kazi tu. Haisemi nani atazifanya. Kila moja ya hizo ilikuwa na mfanyakazi mmoja tu nilipotafuta, yaani kipande kimoja cha msimbo kinachozifanya kazi zake. Sasa orodha ya nini? Mimi vitu vya kukaa bure vinaniudhi. Hata kabati langu hapa Nyayo Highrise halina kikombe cha mgeni.

Toleo jipya lilipotoka, mwalimu wangu wa zamani alinipigia simu. Huwafundisha kina mama kuandika programu katika chumba cha kanisa, Kawangware 46.

"Sasa we, umenifungia darasa," alisema. "Nimeweka toleo lako, hakuna kitu inawaka."

"Si urudie la zamani, ticha," nilimjibu, kwa ukali kidogo.

"Leo sawa. Na hao wa mwaka ujao, la zamani likiwa halitunzwi tena? Ama umesahau wewe ulisoma bila bundles za intaneti?"

Nilikuwa nimesahau, na nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Wakati huo wa kusoma nilikaa mtaani Silanga, mama yangu akiuza sukuma wiki, na intaneti sikuwa nayo. Mwalimu alichukua intafesi moja ya maktaba hii akaiandikia mfanyakazi wa pili: mtandao wa kuigiza. Ujumbe ulitoka na kurudi ndani ya laptopu ile ile. Ujumbe mwingine mtandao huo uliupoteza makusudi, ili tujifunze kuutuma tena. Msimbo huo aliuweka kwenye flashi yake tu, ndiyo maana sikuuona nilipotafuta.

Ile moja niliirudisha mchana huo huo. Zile kumi nyingine zilikuwa takataka, na sijutii hata kidogo.

Jumamosi nilikwenda Kawangware. Mama mmoja muuza makaa alituma neno kwa programu aliyoiandika mwenyewe. Likapotea. Akatuma tena, na jibu likaja: nimefika. Alipiga kelele hadi chumba kizima kikageuka, na mle ndani hakuna aliyekuwa na bundles.

Machozi yalinitoka. Nilimwambia mwalimu asante, neno ambalo miaka yote hiyo sikuwa nimemwambia.

"Asante baadaye," alisema. "Kaa hapo na huyu auntie, amekwama."

Nikavuta kiti.