Mchuzi Mzito wa Mama Mkwe

Saa mbili kasoro robo asubuhi, chumba cha nyuma cha duka la dobi kimeshajaa mvuke. Nyoosha ananyunyizia maji kola ya shati, anaitandaza mezani, anashusha pasi. Kola inalala bila ubishi. Hilo ni shati la nne, na wenzake ndio kwanza wanavua viatu.

Wateja ndio waliompa jina hilo. Mteja akinuna, mtoto akikunja uso, fundi akifunga mlango upande, yeye husema neno moja tu: "Nyoosha."

Ana miaka thelathini na miwili. Kwa siku hupiga pasi mashati sitini, wima hadi saa kumi jioni. Miaka miwili iliyopita alikuwa hafikishi ishirini. Tumbo lilimjaa kama ngoma, kilo kumi na moja zikampukutika. Alitibiwa minyoo mara tatu, vidonda vya tumbo mara mbili.

"Wengine walishanizika," anasema akicheka. "Bado jeneza tu."

Hatimaye daktari mmoja akaupata ugonjwa wenyewe: siliaki. Mwili wake haupatani na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri. Ikiingia hata chembe, mwili huushambulia utumbo wake wenyewe. Tiba ni kuacha, maisha yote.

Akaacha mkate, keki na tambi. Tumbo halikumwacha. Nyumbani wanaishi saba: yeye, mumewe, watoto wawili, wifi zake wawili na mama mkwe, mwenye jiko. Ndani ya miezi miwili alikosa kazi siku tisa. Mwenye duka akamwita pembeni.

"Ukikosa tena, meza hii nampa mwingine. Nisamehe, lakini nguo za watu hazingoji."

Jumapili iliyofuata aliingia jikoni, akamkuta mama mkwe anakoroga unga wa ngano kwenye kikombe cha maji na kuumimina kwenye mchuzi.

"Mama, si ulisema mchuzi hauna ngano?"

"Hauna. Hii si ya kula, mwanangu. Ni ya kuufanya mzito."

Miezi yote hiyo mama huyo alikuwa akimhakikishia kwa moyo mweupe. Kwake, ngano ni kitu kinachotafunwa.

Nyoosha akasema atajipikia kando. Hapo nyumba ikapoa. "Unatenga sufuria? Unadhani nitakutilia sumu?" Siku nne mama mkwe alimsalimia kwa kupitia wajukuu.

"'Mwambieni mama yenu nimeamka salama,'" wifi mdogo anamwigiza leo, na jiko zima linacheka, mama mkwe mwenyewe akiwemo.

Siku ya tano, Nyoosha alirudi na shuka iliyoharibikia dukani. Zamani ilikuwa nyeupe. Sasa ilikuwa na rangi ya fizi.

"Ilifuliwa na soksi moja nyekundu, mama. Ya mtoto."

Mama mkwe akaigeuzageuza. "Moja tu?"

"Moja tu."

"Na mkiitoa hiyo soksi?"

"Shuka imeshakwenda."

Mama mkwe akaikunja. Kesho yake mwiko mpya ulining'inia kwenye msumari wake peke yake. "Huu ni wa mke wa mwanangu," aliwatangazia. "Atakayeuchovya kwingine atakula kwa jirani." Mchuzi wa wote sasa unatiwa unga wa mchele.

Ni miezi mitano Nyoosha hajakosa kazi hata siku moja. Kilo saba zimerudi. Mwenye duka anafungua tawi la pili, na amemwambia ajiandae kulisimamia.

Anataka kulipokea tawi hilo akiwa na afya yake. Lakini akiulizwa anachokitamani hasa, anatazama sufuria iliyo jikoni.

"Siku moja nile bila kuuliza."

Mama mkwe anachagua mchele kwenye sinia. Hainui kichwa.

"Uliza tu," anasema. "Usiponiuliza, nasahau."