Picha za Safari ya Fes

Kwenye duka la kuchapa picha Ujiji, mjane mmoja alimpa fundi simu. Alitaka picha ya marehemu mumewe, ya kutundika sebuleni kabla ya hitima. Picha zake zote zilizokuwamo zilipigwa Fes, Moroko, familia ilipokwenda kumtembelea binti anayesoma huko.

Fundi alipekua. Kuta, vichochoro, na mzee mwenye kanzu, kila mara kwa nyuma.

"Mama, mbona uso hauonekani hata kwenye picha moja?"

"Njia nyembamba, mwanangu. Alikuwa mbele, punda wa mizigo wasitukanyage. Tukimwita ageuke, anasema, 'Njooni kwanza, mtanipiga picha tukifika.'"

"Sasa nichape ipi?"

Mama alinyoosha kidole kwenye simu. "Hiyo ambamo yuko karibu."

Wageni wa hitima watauliza kwa nini mzee amewapa mgongo. Jibu mama analo. Kazi ni kulimaliza bila kulia.