Dada Alivyochagua Winchi

Bei Poa, mwenye duka la vifaa vya magari linalotazamana na gereji, alimtia shemeji yangu kilema cha mkono, kisha akampaka matope. La kwanza tungeweza kuliita ajali. La pili dada yangu hakulisamehe, na mimi sikumshauri asamehe.

Dada na mumewe kazi yao ni kubeba magari mabovu kwa trela. Mwaka jana walinunua kwa Bei Poa winchi ya mkono: unazungusha mpini, waya unajiviringa, gari linapanda trela taratibu. "Ukichoka, achia tu," aliwaambia. "Inashika yenyewe." Siku ya tatu shemeji alikuwa amefikisha pikapu katikati ya vyuma vya kupandishia, akaachia ili afute jasho. Kijino cha kuzuia kikaruka, pikapu ikarudi nyuma, mpini ukazunguka kama feni na kumpiga kiganjani. Mifupa ilivunjika mahali patatu.

Tulipoisafisha ile winchi tukaona alama ya gundi pale kilipokuwa kibandiko cha kuonyesha uzito inaoweza kuvuta. Dada akaipeleka dukani. Bei Poa hakuigusa hata kidogo.

"Winchi haina kosa," alisema mbele ya mafundi wote wa gereji. "Mumeo alikuwa amelewa."

Shemeji, ambaye hata soda humpa kiungulia! Lakini ulimi hauna mfupa. Maneno yakaenea, na mafundi wakaanza kuita trela za wengine. Shemeji akawa anashinda sebuleni, anajifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, na dada anamtazama kutoka mlangoni bila kusema kitu. Namjua dada yangu. Akinyamaza, ujue kuna mtu atajuta.

Asubuhi moja akanyoosha mpini wa ile winchi ya zamani, akaifunga tena kwenye trela, akaniambia, "Twende tukanunue winchi."

Tulipofika na trela, mafundi walikuwa kwenye benchi nje ya duka, vikombe vya chai mkononi. Bei Poa akatoka na tabasamu lake la kuuzia.

"Karibu, Mama Trela! Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea. Nataka winchi mpya, ila kwanza nionyeshe mume wangu alikosea wapi na hii. Tupandishe gari lako, maana wewe hujalewa."

Mafundi wakacheka. Mbele ya watu wote wale, angekataaje? Alifunga ndoano kwenye gari lake jeupe, lile analolifuta vumbi mara tatu kwa siku, akakunja mikono ya shati, akaanza kuzungusha. Gari lilipofika katikati, dada akasema, "Hapo hapo. Sasa achia."

Hakuachia.

"Achia, baba. Si inashika yenyewe?"

"Weka kabari kwanza, Mama Trela."

"Kabari ya nini?"

Dada akanikonyeza. Bei Poa alikuwa mbele, gari limemziba, hakuniona nikisukumia kabari nyuma ya magurudumu. Nilifanya kwa shingo upande. Ingekuwa shauri langu, lile gari lingerudi hadi barabarani na mpini ungefanya kazi yake. Ila dada hakuja kuchukua mkono wa mtu, alikuja kuchukua maneno yake, mbele ya watu wale wale.

Akaingia dukani kuchagua, bila haraka hata kidogo. Akatoka na ya kwanza, akamsogezea puani.

"Hii inafaa?"

"Hapana, ndogo hiyo. Mama, mkono unachoka."

"Pole. Na hii?"

"Ina nguvu, lakini haina breki, ina kijino tu. Kwa gari hapana."

"Mbona haina kibandiko?"

Akajifanya kufuta paji la uso begani. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. Dada akairudisha rafuni, akaleta nyingine, akahesabu meno ya gia, akauliza unene wa waya, akauliza tena kana kwamba hakusikia. Sijawahi kumsikia Bei Poa akieleza bidhaa zake kwa ukweli namna ile. Ya nne ilikuwa nzito, na breki yake inajifunga yenyewe mtu akiachia mpini.

"Hiyo ndiyo ya gari," akasema, sauti imekwisha. "Ndiyo mliyotakiwa kupewa."

"Na uliyotupa?"

"Ya pikipiki."

"Kibandiko?"

"Nilikibandua mimi."

"Na mume wangu alikuwa amelewa?"

Akatazama benchi. Wakati huo hakuna fundi aliyekuwa akinywa chai.

"Hakulewa. Nilisema uongo. Mama, nakuomba, kabari!"

"Zipo muda wote," dada akasema. "Achia."

Hakuamini. Ilibidi fundi mmoja mzee achungulie nyuma ya gari na kusema ni kweli. Ndipo akataka kuachia, vidole vikakataa kufunguka. Vilibaki vimejikunja kwenye mpini, na dada akavifungua kimoja kimoja, taratibu, kwa mkono uliokwisha kuzoea kazi hiyo.

"Vyako vitanyooka kabla ya mchana," akamwambia. "Vya mume wangu viko hivi kila asubuhi."