Barua Niliyoipitisha kwa Msimamizi

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa kizuizi cha mazao, barabara ya Kisesa, alinikabidhi kitabu cha stakabadhi na onyo moja. "Karani, serikali ni ngazi. Ukiruka kipandio utavunjika mguu."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Gari likisimama unakagua shehena, yaani mzigo wote uliobebwa, unatoza ushuru, unatoa stakabadhi. Mizigo midogo ilikuwa na msamaha, lakini Msimamizi alituamuru tuwatoze hata akina mama wenye matenga mawili ya nyanya, bila karatasi. Aliiita "ya kufungua kamba", ile kamba iliyokatiza barabara. Mimi ndiye niliyepokea. Na mgawo wangu nilikula; sitajitakasa uzeeni.

Aliyenichoma moyo ni Mama Nkwimba, mjane wa Bujora aliyeuza nyanya sokoni Mirongo. Siku moja aliniambia, "Karani, wewe unajua kuandika. Tuandikie huko wilayani, sisi tumechoka bwana." Nikaandika. Wanawake kumi na mmoja wakaweka majina na dole gumba.

Hapo ndipo nilipokosea, kosa la mtu aliyefundwa ofisini. Barua ya mtumishi kwenda juu huandikwa "K.K.", kupitia kwa mkuu wake. Nami kwa utiifu wa kijinga nikaandika: K.K. Msimamizi wa Kizuizi. Nikamwekea mezani kwa mikono miwili!

Aliisoma taratibu. "Una mwandiko mzuri," akasema, akaifungia kwenye droo. Wiki ile matenga ya Mama Nkwimba yalizuiwa siku nne juani, eti ukaguzi, mpaka nyanya zikachuruzika maji. Mtaji wake wote ulikuwa mle. Tangu hapo analima vibarua. Mimi nilinyamaza hadi kustaafu, na ukimya ule unaniuma kuliko barua.

Mwezi uliopita afisa wa wilaya aliitisha mkutano Kisesa. Kamba ipo bado, wanaoivuta ndio wamebadilika. Watu walilalamika mpaka sauti zikakauka. Afisa akasema, "Leteni majina ya wanaopokea hizo hela, serikali itachukua hatua." Akina mama wakainamisha vichwa.

Hasira ikanipanda, nyingi juu yangu mwenyewe. Nikasimama. "Andika langu. Hela zao nilizipokea kwa mkono huu."

Afisa akatabasamu. "Shikamoo mzee. Umeshastaafu wewe, pumzika." Akafunga daftari.

Mama Nkwimba alikuwa amekaa mbele. Hakugeuka kunitazama.