Shangazi Kobe na Meza ya Kukatia

Niseme mapema, nisije nikaambiwa nimeficha: huyu ninayemsimulia ni shangazi yangu, dada wa baba, na ndiyo, nampendelea. Anayetaka habari zisizo na upendeleo akamuulize msimamizi wetu, ana nyingi.

Kiwanda chetu kinashona sare. Kiko ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, kina cherehani kumi na mbili, meza moja ndefu ya kukatia iliyo karibu na dirisha, na feni moja inayozunguka pale inapojisikia. Shangazi alikaa kwenye cherehani ya tano kwa miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo hakuchelewa kazini hata siku moja. Siku ya kumzika babu alikuja saa moja asubuhi kuomba ruhusa kwa mdomo wake, ndipo akaenda kulia. Na katika miaka hiyo hiyo aliitwa Kobe. Kosa lake lilikuwa moja tu: kwao ni bondeni.

Watu wa bondeni mnajua wanavyosemwa. Wazito, wazembe, ukimtuma mmoja wao chumvi wewe kula tu hivyo hivyo. Wa mlimani nao eti wana haraka na mikono yao haifunguki. Wa ng'ambo ya mto usiwaachie mlango wazi. Kila upande umegawiwa aibu yake, na hao wanaogawa sijawahi kusikia wamejibakizia hata kidogo.

Sasa kinachoniudhi ni hiki. Bondeni kwenyewe shangazi aliondoka akiwa na miaka minne, mgongoni kwa bibi. Anachokumbuka ni geti la bati na mbwa aliyemng'ata. Huo uzito aliuchota saa ngapi? Mimi ndiyo kabisa, nimezaliwa hapa hapa, mtaa wa tatu kutoka kiwandani, bondeni nimepaona kwenye picha, lakini nikichelewa kushona kifungo kimoja naulizwa kama kwetu vifungo vimeshafika.

Jina la Kobe alilitoa msimamizi. Naye tulimpa lake, Fasta, kwa sababu neno hilo halikumtoka mdomoni: fasta jamani, fasta. Aliona shangazi ana kawaida moja, akaifanya ushahidi. Kitambaa kigeni kikiingia, shangazi hukishika, hukinusa, kisha hukata kipande cha mita moja kutoka kwenye kichwa cha jora, hukilowesha kwenye ndoo, hukianika, hukipiga pasi, hukipima upya. Maana kuna vitambaa vinarudi, vikishaonja maji vinapungua, na ukishashona umeshashona. Vipimo vyake aliviandika kwa chaki ukutani nyuma ya cherehani yake. Fasta akipita hapo anawaambia wenzake njooni mwone, watu wa bondeni hata kitambaa wanakiogesha kwanza, bado kukiimbia kilale. Watu wanacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, mwanzoni nilicheka nao.

Halafu hiyo kawaida wala haikutoka bondeni. Ilitoka kwa mama yangu. Shangazi alipokuwa ndiyo kwanza anajifunza, alimshonea mama, yaani wifi yake, gauni la kijani la kwendea harusi. Gauni lilipendeza mpaka bi harusi akanuna. Likafuliwa. Harusi ya pili mama alivaa akatoka, na mikono ya gauni ikamwishia kwenye viwiko, pindo likapanda likakaa magotini, naye ni mke wa mtu, mbele ya wakwe. Mama bado analo hilo gauni kabatini. Wakikosana na wifi yake hafungui mdomo, analitoa tu analitundika mlangoni. Tangu siku hiyo shangazi hakati kitambaa asichokilowesha.

Basi mwaka huu mkataji wetu wa zamani macho yakamwishia, akaaga kazi. Mkataji ndiye mtu mkubwa kiwandani baada ya msimamizi. Anasimama, hakai, hana mtu wa kumhimiza, na kila nguo inayotoka inaanzia mkononi mwake. Shangazi aliitaka meza ile. Hakuitaka kimyakimya, alituambia nyumbani, baba akiwepo, kwamba miaka kumi na tisa ameshona makosa ya wengine na sasa anataka kukata mwenyewe. Akavaa gauni lake la kazi lililopigwa pasi, akaenda kumwomba Fasta.

Nilikuwa meza ya vifungo, hatua nne tu, nikasikia kila neno. Fasta hakumkatalia kwa ubaya. Alitabasamu, na hilo ndilo lililonichoma. Alisema, "Mama, nyinyi watu wa bondeni kwa kushona hamna mpinzani. Mkiwekwa mahali mnakaa. Lakini kukata kunataka mtu mwepesi."

Akaleta mtu mwepesi. Mwanaume wa makamo, baba wa watoto wanne, mpole, na sifa yake kubwa ni kwamba kwao ni mlimani, na watu wa mlimani eti kitambaa hawakipotezi hata uzi. Alikuwa anauza vitambaa dukani. Kupima anajua, tena sana. Lakini kukata kwa kisu cha umeme tabaka themanini kwa mpigo, mimi nilimwona siku ya kwanza alivyokiangalia kile kisu, nikajua hawajawahi kusalimiana.

Nilimchukia. Jioni tukiwa jikoni nilimwambia shangazi kwamba ndivyo walivyo hao wa mlimani, wanajipenyeza popote. Alikuwa anapunguza suruali ya baba, ana pini mdomoni. Akazitoa moja moja akaziweka mezani, akaniuliza ninawajua wangapi. Nikasema huyu. Akasema basi niseme huyu, mlima niuache ulipo. Nilitamani anigombeze, ingekuwa nafuu.

Wiki ya pili ikaja kazi kubwa: sare mia mbili na arobaini za wauguzi. Kitambaa cheupe, kizito kidogo, jora mpya kabisa kutoka kwa muuzaji ambaye hatukuwahi kununua kwake. Zinatakiwa Ijumaa. Shangazi akainuka kama kawaida yake, akaenda kwenye jora na mkasi. Fasta akamzuia. Akasema muuzaji ameshasema hakirudi, na siku ya kuogesha vitambaa hatuna, arudi akakae.

Shangazi akarudi. Ila njiani akasimama kwenye meza ya kukatia, akamwomba mkataji mpya kipande cha mwisho wa jora, mita tu. Yule bwana akamwangalia, akamwangalia Fasta aliyekuwa amegeuka, akakata akampa. Shangazi akakilowesha kwa maji ya moto ya chai, maana sare za wauguzi hazifuliwi kwa maji ya baridi, akakianika dirishani juani. Wakati wa chakula cha mchana sisi tulikula, yeye alipiga pasi. Alipotandaza futi yake ya kupimia juu ya kile kitambaa, niliona uso wake ukibadilika. Mita ilikuwa imepungua vidole vitatu.

Akampelekea Fasta. Fasta hata hakukishika. Akasema pasi imekivuta vibaya, akasema sisi watu wa bondeni tukikosa sababu ya kuchelewa tunaitengeneza wenyewe. Kisha akapiga makofi: kitambaa kitandazwe, kikatwe, fasta.

Nilitegemea shangazi ataenda kukaa. Alienda kweli. Alifunika cherehani yake kwa kitambaa chake cha kufunikia, akaondoa futi shingoni akaikunja, akaweka mikono mapajani. Akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Hizi sishoni. Mwuguzi akiinama kumnyanyua mgonjwa, vifungo vitafunguka kifuani mbele ya watu. Mimi nimeshamvisha mtu aibu mara moja, inatosha."

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Fasta akacheka, akawageukia watu akawaambia si mnaona, nilisema mimi, uzembe ukikomaa unakaa hivi. Akamwambia kwamba bosi, mwenye kiwanda, anakuja saa kumi, na akimkuta na mikono mapajani, leo ndiyo mwisho wake hapa. Shangazi akasema sawa, atamsubiri.

Hapo ilikuwa saa nane na robo. Mtu akikuambia dakika mia na tano ni chache, mwambie aje akae na sisi siku ile. Kule mezani tabaka themanini zilikuwa zimeshatandazwa na kuchorwa. Nyumbani baba hana kazi tangu mwaka jana, na mshahara wangu wa vifungo tunaujua sote unakoishia. Nilienda nikainama kwenye sikio la shangazi nikamwambia shangazi, shona tu, kitambaa si chako. Akaniambia rudi kwenye vifungo vyako. Nilikuwa na hasira naye, nasema kweli, hasira iliyochanganyika na kujivuna, sijui kipi kilizidi.

Mkataji mpya akawasha kisu. Shangazi hakuinuka. Alimwita tu, "Kaka." Kisu kikawa kinaunguruma. "Kaka, kile kipande umekata wewe. Kilikuwa mita au hakikuwa mita?"

Yule bwana akageuka kumtazama. Akasema ilikuwa mita kamili, kupima ndiyo kitu pekee anachokijua. Akazima kisu akakiweka chini. Fasta akamwambia akiinue. Hakukiinua. Jasho lilikuwa linamtiririka, na mikono yake aliificha nyuma, lakini hakukiinua.

Saa kumi bosi akaingia, akashangaa kimya kilichokuwepo. Fasta akamwahi mlangoni akaanza maelezo: bondeni hivi, uzembe vile, amewaambukiza na wengine. Bosi wetu si mtu wa maneno mengi. Akataka maji ya moto. Kikakatwa kipande kingine mbele yake, akakipima mwenyewe kwa rula ya chuma, kikaingia kwenye sufuria ya chai, kikaenda dirishani, kikaja kwenye pasi, na pasi akaishika yeye. Watu wazima kumi na tano tulikizunguka kitambaa kama wagonjwa wanaosubiri majibu. Akapima. Akapima tena. Vidole vitatu na ziada.

Sasa hapa ndipo mlipotaka nifike, lakini ngojeni. Bosi alifurahi. Alimshika shangazi bega, akasema kumbe alikuwa hajui thamani ya watu wa bondeni. Wana subira, wana utulivu, hawakurupuki, na kuanzia leo wakataji wake wote atawatoa bondeni. Meza ni yake. Watu wakapiga makofi, mimi machozi yalikuwa yananitoka. Kisha bosi akamgeukia mkataji mpya akamwambia akusanye vitu vyake, haraka zao za mlimani zingemfilisi.

Nilimtazama shangazi. Meza aliyoitaka miaka yote ilikuwa pale, mkasi mkubwa juu yake, jua la jioni limeiangukia. Ilibaki kusema asante, na ningekuwa mimi ningesema. Yeye alisema, "Mzee, bondeni nilitoka na miaka minne. Kulowesha kitambaa sikufundishwa na mtu wa bondeni. Nilimharibia wifi yangu gauni, nikaona haya, basi."

Bosi akacheka, akasema hata unyenyekevu ni sifa yao hao.

"Sijamaliza," shangazi akasema. "Huyu hakukata. Mkubwa wake alimwambia akate, hakukata, na wote hapa wameona. Mimi nitakata, yeye atapima na kutandaza upande wa pili, nami nitamfundisha kisu. Kama anaondoka kwa sababu ya mlima, na mimi narudi cherehani ya tano kwa sababu ya bonde. Mzee utatafuta mtu asiye na kwao."

Bosi aliangalia jora, akaangalia kalenda ukutani, akahesabu siku mpaka Ijumaa. Fasta alikuwa anaangalia viatu vyake. Mwishowe bosi akasema haya, abaki, na vipimo vyote vya sare viongezwe vile vidole vitatu kwa kila mita. Akavaa kofia yake. Akiwa mlangoni akatikisa kichwa, akamwambia Fasta kwa sauti ya kutosha tumsikie kwamba watu wa bondeni ni wakaidi, hajawahi kuona.

Asubuhi tulikuwa wazito. Saa kumi na nusu tukawa na subira. Saa kumi na moja kasoro tumeshakuwa wakaidi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameinuka kwenda bondeni na kurudi.

Shangazi alikuwa ameshafika kwenye meza. Ameukamata mkasi, na yule bwana wa kupima ameshika ncha ya pili ya kitambaa. Hakumgeukia bosi, alisema akiwa ameinamia kazi, ila alihakikisha sauti inafika mlangoni.

"Huu ukaidi ni wangu, mzee," alisema. "Bondeni usiwasingizie."