Ubao wa Kufunguliwa Wageni

Siku yangu ya kwanza kazini, Chwaka, Mwalimu Mkuu alinikabidhi boksi la chaki na rula ya mbao ya mita moja, akaniambia: "Bi Rukia, hesabu haina maneno mengi. Andika, wanakili, kengele ilie." Nikamwitikia naam. Miaka minane niliandika, wakanakili, na wengi wakamaliza kidato cha nne bila kujua walichokinakili. Nayasema haya kwa hasira, na radhi siombi.

Nilipohamishiwa Mtoni nilipiga moyo konde nikajifunza upya. Mwalimu wa kompyuta, kijana mpole, alinionesha namna ya kutengeneza slaidi zinazomjibu mtu: mwanafunzi anagusa namba, na mchoro unageuka mbele ya macho yake. Nilianza na mteremko, yaani ile namba inayosema mstari umeinuka au umeinama kwa kiasi gani. Kwa chaki, mistari mitano ilinimalizia kipindi kizima. Kwa kompyuta na projekta ya kuazima, wanafunzi waliigeuza wenyewe, wakabishana, wakapiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kulalamika. Sijapata kufurahi darasani kama mwaka ule.

Kisha nikahamishiwa mjini, kwenye skuli iliyopewa ubao wa kidijitali, mkubwa kama mlango, unaoguswa kwa kidole. Niliukuta umefunikwa kitambaa cha meza chenye maua, chumba kimefungwa, na ufunguo umo mfukoni mwa Mwalimu Mkuu wa hapo.

"Watoto hawa watauharibu," aliniambia. "Tunaufungua wakija wageni."

Kama vikombe vya kabatini! Nilimwomba, nikamwandikia barua, nikamkumbusha kuwa kidato cha nne wana mtihani wa taifa. Wapi! Mpaka siku moja akaniita mwenyewe: wafadhili wanakuja, nitayarishe somo. Alichagua wanafunzi watatu, akampa kila mmoja namba yake ya kugusa na sentensi yake ya kusema. Wiki nzima, badala ya kusomesha, tulifanya mazoezi ya slaidi moja, ile ya mteremko. Nami nilikubali, nikijidanganya kuwa wageni wakiridhika chumba kitafunguliwa.

Siku ikafika. Watatu wale walisema sentensi zao, wageni wakapiga makofi na picha. Ndipo Zuhura, msichana wa dawati la nyuma ambaye hakuchaguliwa, alipoinuka, akaja mbele, akagusa sifuri. Mstari ukalala. Akaweka kumi, hamsini, mia. Mstari ukazidi kuinuka.

"Mwalimu, kila nkiongeza unakaribia kusimama, lakini hausimami," alisema. "Sasa ukisimama wima kabisa, namba yake huwa ngapi?"

Katika kazi yangu yote sikuulizwa suali zuri kama lile. Jibu ni kwamba namba hiyo haipo, na kueleza kwa nini haipo kunataka kipindi kizima. Nilifungua mdomo nianze.

"Kaa chini," Mwalimu Mkuu alimwambia, huku akiwatabasamia wageni. "Hukupangwa wewe."

Zuhura hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Nikafunga mdomo. Akarudi kukaa. Magari ya wageni hayajafika mbali, ubao ulishafunikwa.

Tunawaambia watoto kuuliza si ujinga, kisha anayeuliza tunamkalisha chini!

Kesho yake nilimwita nimweleze jibu.

"Basi tu, mwalimu," alisema kwa adabu. "Mie nshajua hesabu si zetu, za wageni."

Hakunyanyua tena mkono darasani mwangu. Mtihani ulipokuja, masomo mengine alipasi, hesabu alifeli.

Nyinyi walimu vijana, msinionee huruma. Sikufungwa kamba wala sikutishwa. Nilikuwa na jibu, nilikuwa na mdomo, na mtoto alikuwa amesimama mbele yangu.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, Mwalimu Mkuu yule yule alisimama mbele ya walimu wote, akasema: "Bi Rukia hajapata kunivunjia heshima mbele ya watu, hata siku moja." Wakapiga makofi. Nami nikainuka, nikamshukuru.